Kunguni wa Meza ya Kukunja

Jumamosi iliyopita nilipiga magoti kwenye sakafu ya karakana moja ya useremala kule Industrial Area ya hapa Doha, nikasogeza pua hadi kwenye bawaba za meza, nikanusa. Usinicheke. Fundi, Mnepali mpole mwenye penseli sikioni, alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi akila gazeti. Dereva wetu, Mkenya wa makamo ambaye nimefanya naye kazi nyumba moja mwaka wa sita sasa, aligeukia ukutani akajifanya anasoma kalenda. Meza ilikuwa safi. Ilinukia gundi na vanishi mpya, basi. Lakini pale ubao unapokunjika palikuwa na ufa, mwembamba wa kupitisha kucha tu, na mimi nikiuona ufa wa namna ile roho inanichafuka. Nikasema hapana.

"Dadangu, hii ni ya saba," dereva aliniambia tulipotoka kwenye vumbi. "Kwani unatafuta meza ama unatafuta bwana? Meza ni meza, bana. Si tuchukue tu moja tuishie, hii jua itaniua."

Nikueleze meza yenyewe ni ya nini. Madam wetu amenunua boti. Si boti ya kwenda popote. Ni boti ndefu nyembamba, ukiingia ndani unadhani umepanda behewa, imefungwa kamba gatini kule Lusail na sijapata kuiona ikifunguliwa. Anachotaka ni kukaa humo na dada zake siku za Alhamisi alasiri, wale chakula, wanywe kahawa, watazame majengo mapya. Ndani hakuna upana. Watu wawili hawapishani mpaka mmoja akae. Maji yanayoizunguka yamelala, yana utando wa mafuta, na juu yake kunaelea vikombe vya plastiki na mikate iliyovimba ambayo watu huwatupia samaki na samaki hawaitaki. Joto likizidi, harufu inaingia mpaka kwenye mito ya makochi. Humo ndimo wanawake sita wanataka kula wali na nyama ya mbuzi! Madam alinituma mimi kwa sababu, anavyosema, nyumba nzima hakuna mwenye jicho la usafi kama langu. Nitafute meza ya kukunja, ikifunguliwa iwatoshe sita, ikikunjwa ilale ukutani isionekane.

Hilo jicho la usafi ananisifia bure. Wewe rafiki yangu wa siku nyingi unajua kinyaa nilichonacho, lakini sijawahi kukuambia kilianzia wapi. Unakumbuka nilivyokataa kachumbari yako? Ilikuwa na kotmiri. Hapa Doha kotmiri inatiwa kwenye kila kitu, na mimi huikata nikiwa nimejifunga mtandio puani. Madam anadhani inanidhuru kifua. Hainidhuru chochote. Kotmiri mbichi ikipondwa inanuka kunguni aliyepondwa, na anayebisha hajawahi kuponda kunguni.

Mimi nimewaponda sana. Nimekulia Tabora, kwenye kota za reli, nikilelewa na bibi mzaa mama. Nyumba zilikuwa za mstari mmoja mrefu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, jirani akikohoa wewe ndiye unayesema pole. Chumba kimoja nyuma, sebule nyembamba mbele, jiko uani. Watu wakisimulia utoto wao husimulia michezo na matunda. Mimi kinachonijia kwanza ni mtaro uliopita nyuma ya majiko yote, wenye maji ya kijivu na makombo ya ugali, na mabata ya jirani yakichokonoa humo kisha yanakuja kujipangusa kwenye kizingiti chetu. Choo kilikuwa cha nyumba nne, na kipande cha sabuni kilichokaa pale dirishani kilikuwa na nywele za watu ambao sikuwajua.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema sikupenda chochote. Nilipenda sauti ya mabehewa yakiungwa alfajiri, lile pigo moja zito halafu mengine yanalifuata mpaka mwisho wa treni. Nilipenda mlenda wa bibi, na migebuka, wale samaki wa ziwani, iliyokuja na treni kutoka Kigoma ikiwa imekaushwa kwa moshi, ingawa kikapu chake kilinuka mpaka nzi wa mtaa mzima wakatuhamia. Jioni tulikula chini, kwenye mkeka, mimi, bibi na mama mdogo. Mama mdogo alikuwa kitinda mimba wa bibi, binti wa miaka ishirini, mrefu, mwenye kucheka huku amejiziba mdomo kwa kanga. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenifundisha kusoma saa. Nilimpenda kuliko mama yangu aliyekuwa Dar es Salaam na kutuletea barua tu.

Kula chini ilikuwa desturi ya siku zote, maana meza tulikuwa nayo lakini ilikuwa ya wageni. Babu alikuwa fundi wa mabehewa, siku nyingi yuko njiani kuliko nyumbani. Aliona meza za kukunja kwenye vyumba vya daraja la kwanza, akatamani. Lilipovunjwa behewa moja bovu la daraja la tatu, aliomba mbao za viti, akazipiga randa, akatengeneza meza ya kuning'inia ukutani kwa bawaba tatu. Ukiinyanyua, mguu mmoja unachomoka nyuma yake unasimama, sebule inakuwa chumba cha chakula. Ukiishusha, inalala ukutani na sebule inarudi kuwa njia. Kota nzima hakuna aliyekuwa na kitu kama hicho. Bibi aliifunika kwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, na majirani walikuwa wakija kuomba chumvi ili waitazame.

Wasichokijua ni kwamba babu alituletea mbao pamoja na abiria wake. Kunguni wa daraja la tatu walikuwa wamekaa kwenye zile mbao miaka, wakila watu wa kutoka Kigoma mpaka Dodoma, na randa haikuwafikia ndani ya matundu ya misumari. Nyuma ya meza iliyokunjwa pana giza na joto la ukuta unaopigwa na jua. Walizaana. Mayai yao meupe, madogo kuliko punje ya ulezi, yalijipanga kwenye bawaba. Vinyesi vyao vilikuwa vitone vyeusi, kama mtu amejaribu kalamu pale. Na maganda yao! Waliyavua wakayaacha, mepesi, yenye miguu, ukipumua karibu yanatikisika kama yako hai.

Kila Jumamosi kazi ilikuwa moja na ilikuwa yangu. Bibi ananipa mafuta ya taa kwenye kifuniko cha kopo, na unyoya wa bawa la jogoo. Unachovya unyoya, unaupitisha kwenye kila ufa, kila tundu, nyuma ya kila bawaba, na wanaotoka unawaponda kwa kidole gumba kwa sababu ukimwacha mmoja atarudi na ukoo wake. Vidole vya watu wazima havikuingia, ndiyo maana nikachaguliwa. Wakipasuka, damu inatoka, na hiyo damu ni yako au ya bibi yako. Harufu inabaki kwenye kucha siku mbili, na kwa kuwa tulikula kwa mkono, kila tonge la ugali nililopeleka mdomoni lilikuja nayo. Bibi alisimama mlangoni akiniambia, "Pitisha mara tatu, na ya tatu pitisha kama unanipaka mimi dawa." Sikupata kumwambia kuwa naona kinyaa. Nyumbani kwetu, mtoto hakuwa na ruhusa ya kuona kinyaa.

Nilipokuwa na miaka tisa, mama mdogo alichumbiwa. Mchumba alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu, kijana mtaratibu mwenye mashati mawili yaliyopigwa pasi kama yametoka dukani. Kila asubuhi baada ya kuita majina alikuwa akifika kwenye dawati langu ananiuliza, "Nyumbani hawajambo?" halafu anageukia ubao haraka. Nikifika nyumbani mama mdogo ananiuliza, "Mwalimu kasemaje leo?" nami namwambia, naye anajiziba mdomo kwa kanga. Barua ya posa ililetwa na mshenga, ikapokelewa. Ikabaki siku moja, Jumapili, ambapo mshenga na wanawake wa upande wa kijana watakuja kula kwetu na kuchukua jibu. Bibi alikuwa ameshasema ndiyo moyoni. Na kila mtu alijua kuwa wanawake wale hawaji kwa ajili ya jibu peke yake. Wanakuja kuona nyumba anayotoka bibi harusi, waone vyombo, waone pazia, waone mtu anavyonawishwa mikono.

Jumamosi iliyotangulia nilipewa mafuta ya taa na unyoya kama kawaida. Bibi alikuwa sokoni kutafuta mchele mzuri, mama mdogo uani akisugua masufuria kwa majivu. Nilinyanyua meza. Nilipochungulia nyuma ya bawaba ya katikati niliona donge zima, wakubwa kwa wadogo wamekaliana, wamevimba, wanatikisa miguu. Nikaona kidole changu gumba jinsi kitakavyokuwa. Nikaishusha meza polepole, nikanyoosha kitambaa juu yake, nikaenda kuyamwaga mafuta ya taa kwenye mtaro. Mama mdogo aliponiuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza. Akanipa kipande cha sega la asali kama zawadi.

Wageni walifika baada ya sala ya adhuhuri. Mshenga, mzee mnene mwenye kanzu nyeupe pe, na wanawake watatu, mkubwa wao shangazi wa mwalimu, mama mkavu asiyepepesa macho wala kutabasamu. Bibi aliinyanyua meza mwenyewe, kwa madaha, na wageni wakashangaa kama alivyotaka washangae. Kitambaa cheupe kikatandikwa. Mama mdogo akaleta sinia la pilau la moto likafukuta katikati. Mimi nilisimama na birika na beseni la kunawia, nikilitazama pindo la kitambaa. Mshenga aliweka mikono yote miwili mezani akaanza kula kwa raha zake, akimsifu babu kwa ufundi. Nadhani ni joto la sinia lililowaamsha, au ni mikono ya watu. Kunguni wa kwanza alitokea kwenye pindo la kitambaa, akasimama, kisha akapanda kwenye mkono wa kanzu ya mshenga. Alikuwa ameshiba. Kwenye weupe ule alionekana kama kovu.

Shangazi alimwona. Alinyoosha mkono taratibu, akamchukua kwa vidole viwili, akamweka juu ya kitambaa cha bibi, akambonyeza. Damu ikaenea kwenye nyuzi. Alijifuta vidole, akatazama pindo la kitambaa, na pale walikuwa wanne wengine wanakuja. Akasukuma sahani.

"Nyumba yenu ina watu wengi, Mungu awazidishie," alisema.

Hakuna aliyekula tena. Mshenga alikumbuka ghafla kuwa ana mtu wa kuonana naye. Walinawa haraka, huku yule shangazi akikung'uta baibui lake mlangoni kwetu mara tatu, majirani wakimwona. Wiki moja baadaye jibu lao lilikuja kwa adabu. Kijana ameona kwanza ajiendeleze kimasomo.

Lakini mimi ninayotaka kukusimulia yalitokea siku ileile, wageni hawajafika hata kwenye njia panda ya reli. Bibi alifunga mlango. Akauliza, "Nani alipitisha unyoya jana?" Mama mdogo akanitazama. Hakunitazama kwa ukali, alinitazama tu kwa kuwa mimi ndiye mwenye kazi. Nami, mtoto wa miaka tisa, nikatunga uongo mmoja wenye akili ambao mpaka leo sijui uliniingiaje. Nikasema, "Mama mdogo aliniambia niache. Alisema harufu ya mafuta ya taa itaharibu pilau."

Ulikuwa uongo unaoaminika, ndio ubaya wake. Bibi akamgeukia bintiye. Mwiko wa pilau ulikuwa mkononi mwa bibi, na ule mwiko nilikuwa naufahamu. Mama mdogo alifungua mdomo, akaangalia ule mwiko, akaniangalia mimi. Akaufunga mdomo. Kisha akasema, "Ni kweli, mama."

Bibi hakumpiga. Ingekuwa afadhali. Alitengeneza maneno akayaweka akiba, na akayatumia siku zote zilizobaki za maisha yake. Mama mdogo akiunguza maharage, "Wewe uliyeona pilau ni bora kuliko mume." Akichelewa kisimani, "Mwacheni, huyo aliyeona pilau ni bora kuliko mume." Alimwambia mbele ya majirani, mbele ya babu, mbele yangu. Mwalimu aliendelea kutufundisha mpaka mwisho wa mwaka. Aliita majina, akafundisha hesabu, na hakufika tena kwenye dawati langu. Mimi nilikuwa nakaa pale na vidole vyangu visafi.

Miaka sita baadaye mama mdogo aliolewa Kigoma, mke wa pili wa mfanyabiashara wa samaki. Harusi yenyewe ilikuwa ya chai na mandazi. Kila Idi alikuwa anatuma kikapu cha migebuka kwa treni, na karatasi juu imeandikwa jina langu, si la bibi. Nilikuwa nimeshakuwa msichana wa sekondari mwenye kujisikia. Nilikishika kile kikapu kwa ncha za vidole nikakipeleka kwa jirani, nikasema kinanuka. Kilinuka kweli. Lakini wewe unajua nilichokuwa nakikimbia hakikuwa samaki.

Bibi aliugua nikiwa na miaka ishirini na tatu. Mama mdogo alikuja kutoka Kigoma kumuuguza, akalala sakafuni kando ya kitanda chake wiki tano. Alikuwa akimwosha mama yake kwa mikono yake, akimgeuza, akimtoa uchafu, mimi nikishika beseni na kuangalia dirishani nisitapike. Asubuhi moja maji yalikuwa ya moto kidogo. Bibi, ambaye siku hizo alisahau majina ya wanawe, alimtazama binti yake vizuri kabisa akasema, "Ni wewe uliyeona pilau ni bora kuliko mume." Mama mdogo akacheka kidogo, akaendelea kumkausha. Nami nilikuwa hapo, nimeshika beseni, nina elimu, nina ulimi. Nikakaa kimya. Bibi alifariki Alhamisi yake.

Sasa kila kitu cha kule kimeondoka. Niliporudi likizo nilikuta ule mstari wa kota umebomolewa nusu na nusu nyingine ni stoo za saruji. Mtaro umezibwa. Meza sijui aliichukua nani, nadhani ilichomwa kuni, na kama kuna haki kunguni waliungua nayo. Nilisimama pale nikisubiri kufurahi kwamba uchafu ule umekwisha. Nikajikuta natafuta kwa macho mlango ambapo bibi alikuwa anasimama Jumamosi.

Meza ya madam niliipata, ya nane, ya chuma kitupu, haina ubao wala ufa, hata mdudu angeteleza. Ni mbaya, imekaa kihospitali, dereva akaniuliza kama tutapasulia watu juu yake. Alhamisi nilifika botini mapema, nikaifunga ukutani, nikaifuta kwa dawa mara tatu. Nilipomaliza nikaifuta tena. Bado nilikuwa naona kinyaa, na hapakuwa na kitu cha kukionea. Wageni wa madam walikuwa hawajafika. Nikakaa juu ya kochi lenye harufu ya maji yaliyolala, nikampigia mama mdogo Kigoma, nikamwamkia, na kabla hajaniuliza habari za kazi nikamwambia yote. Unyoya, mafuta niliyoyamwaga, uongo. Nililia kama mjinga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwa nyuma nilisikia mtu anaparua samaki.

"Mimi nilikusamehe palepale," alisema. "Ulikuwa mtoto wa miaka tisa, na mama angekuumiza kwa ule mwiko. Sikutaka akuumize. Nikasema, akikua atamwambia mwenyewe."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kuifuta meza tena.

"Nilikungoja, mwanangu. Ulipoingia sekondari nikasema mwaka huu atamwambia. Ulipopata kazi nikasema sasa. Wiki zile tano, kila ulipoingia na beseni, nilikuwa nakungoja wewe. Mume nilipata. Nilichotaka ni mama asife ananiona vile."

Nilimwambia anisamehe. Akasema ameshasema amenisamehe, mara ngapi tena. Kisha akaniambia nikate simu, maana samaki wanaharibika.